Uwanjani Hakuna Mjomba

Mtu akiniuliza kama mimi ni mwanariadha, humwambia anitazame kiuno kwanza, halafu arudie swali. Mimi nashona mapazia. Miaka ishirini na miwili nimekaa kwenye kiti kilekile, cherehani mbele, kitambaa magotini, mpaka siku daktari aliponipima presha, akaangalia namba, akaomba mkono wa pili. Akaniambia nianze kutembea. Wifi yangu, ambaye hajawahi kuambiwa jambo asiongeze lake, akaniambia nikimbie kabisa, na akanishika mkono mwenyewe hadi kwenye klabu ya mbio ya mtaani kwetu. Yeye alihudhuria mara mbili. Mimi huu ni mwaka wa tisa, na miaka yote tisa nimekuwa wa mwisho. Nasema mapema ili mtu asikae akisubiri nishinde.

Ninayetaka kusimulia habari zake si mimi, ni kocha wetu.

Kazi yake ni kutengeneza mizani. Ana chumba nyuma ya duka la rangi, na ndani mna meza mbili: moja ya mizani zinazoumwa, nyingine ya zilizopona. Utakuta ya bucha, utakuta ya zahanati ya kupimia watoto wachanga, na sakafuni ile pana ya kupimia magunia. Mawe yake ya kupimia yamo kwenye sanduku la mbao, kuanzia la kilo kumi hadi kadogo kama kifungo cha shati, na hako kadogo hakashiki kwa vidole. Anatumia kibanio, maana anasema jasho la kidole nalo lina uzito. Ukimletea mizani ukamnong'oneza kwamba ungependa ivute kidogo upande wako, hagombi. Anakurudishia mzigo wako na kukufungulia mlango. Mwenye bucha mmoja alitoka pale akisema yule bwana hana undugu na mtu. Alidhani anamtukana.

Klabu yetu ina stoo chini ya jukwaa la uwanja, na ukutani mna ubao mweupe wenye kanuni kumi na nne alizoziandika yeye kwa brashi, herufi zimenyooka kama mshono wa mashine. Kila mwanachama mpya husimama akazisoma kwa sauti mbele ya wenzake. Siku yangu nilisoma nikicheka. Tufike kabla ya filimbi. Tusisimame kwenye njia ya ndani ya uwanja, maana hiyo ni ya wanaokimbia kwa kasi. Tusimtaje mwenzetu kwa mwili wake, awe mnene, mwembamba au kilema. Asiondoke mtu kabla wa mwisho hajafika. Nikawaza, haya, nimekuja kupunguza presha, nimeingia jeshini.

Kicheko kilikatika nilipofika kwenye za makocha, maana zilikuwa nyingi kuliko zetu. Kocha asimguse mwanariadha bila kuomba ruhusa. Asimwandikie kijana ujumbe ambao mzazi wake hawezi kuusoma. Asiende peke yake nyumbani kwa mwanachama. Akikosea mbele ya watu, aombe radhi mbele ya watu. Na ya mwisho kabisa: kocha hana ndugu uwanjani. Nimefanya kazi kwa watu wengi maishani, na hao wote walikuwa na sheria za kuwapa wengine. Huyu alikuwa wa kwanza kuanza kujifunga mwenyewe. Nilimheshimu palepale, ingawa sikumwambia, kwa sababu mimi si mtu wa kumpa mtu kichwa bure.

Ile ya mwisho ilimhusu mpwa wake, binti wa dada yake. Alikuja klabuni akiwa na miaka kumi na mitatu, miguu mirefu, hana nyama popote, na mwenyewe akajiita Kijiti kabla hajaitwa na mtu. Nyumbani alikuwa akimwita Kocha Mjomba, na kumdokolea chakula kwenye sahani yake. Akivuka geti la uwanja, ni Kocha. Mwaka wa pili alianguka akachubuka goti, akapiga kelele, "Mjomba!" Kocha akaenda, akaomba ruhusa kama tunavyoombwa sote, akamsafisha kidonda, akamfunga. Binti aliponyamaza, akamwambia kwamba mazoezi yanayofuata atakimbia mkiani.

Mkiani ndiyo adhabu yetu. Katika kila mbio za klabu mtu mmoja hukaa nyuma kabisa, kibegi cha bandeji na maji mgongoni. Hampiti mtu. Wa mwisho akitembea, naye anatembea, na akishindwa, anampeleka kwenye huduma ya kwanza. Kwa kawaida ni zamu, lakini anayevunja kanuni huongezewa. Na kwa kuwa wa mwisho ni mimi, kila mkosaji wa klabu hii nimetembea naye. Nimesikia maungamo mengi kuliko ninayostahili kusikia.

Siku ile ya goti nilimfuata nikamwambia, "Kocha, una roho ngumu. Mtoto ameumia, umwadhibu kwa kukuita mjomba?"

Akanijibu taratibu, "Mama Mapazia, hapa wapo watoto thelathini. Huyu akiniita mjomba, hao wengine watamwita nani?"

Nikachukua chupa yangu ya maji, nikaenda kukaa na hao wengine.

Basi akamfundisha miaka sita. Kijiti alikuwa na ila moja: akichoka, mkono wa kushoto unapanda juu kama wa mtu anayefukuza nzi. Miaka sita tulisikia sauti ya Kocha asubuhi ikisema, "Teremsha mkono," mpaka wajukuu zangu wakawa wanaambiana hivyo mezani. Halafu, miaka mitatu hivi iliyopita, kikaja chuo cha michezo cha mji wa mbali kikasema kitamchukua, kwa sharti moja. Akimbie kilomita kumi za mashindano ya mji wetu chini ya dakika thelathini na sita. Akiweza, Jumatatu inayofuata anaondoka. Kwa hiyo hizo ndizo zilikuwa mbio za mwisho ambazo Kocha angeweza kumwona akikimbia kama mwanafunzi wake. Hakulisema hilo, lakini alinyoa nywele mara mbili katika wiki moja, na sisi tuna macho.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Jumanne hiyo, alfajiri, Kijiti alikuwa kwenye mzunguko wake wa mwisho wa kasi, na Kocha amesimama pembeni na saa mkononi. Mimi kamba yangu ya kiatu ilifunguka. Nikainama kuifunga. Niliinama wapi? Kwenye njia ya ndani, kanuni ya tatu, niliyoisoma kwa mdomo wangu. Kijiti alitokea konani kama upepo, akanikwepa, akayumba, akapoteza mwendo. Na Kocha, mtu ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti hata kwa mbwa, akapiga ukelele uwanja mzima ukasikia:

"Toka njiani, gunia wewe!"

Watu wote waligeuka kunitazama. Nilitaka ardhi ipasuke inimeze. Mimi najua nilivyo, nina kioo nyumbani, na sokoni nimeitwa mengi nikajibu kwa riba. Lakini pale palikuwa mahali pekee ambapo kwa miaka sita hakuna aliyewahi kunitaja kwa umbo langu. Nilichukua begi langu nikaenda zangu. Njia nzima nililia, na nilipofika dukani nikashona pazia la mteja kinyumenyume, maua yakaangalia ukuta.

Jioni alikuja. Hakuja peke yake. Alikuja na katibu wetu, mwalimu wa hesabu, wakasimama nje ya kizingiti. Nilikuwa na pini mdomoni, nikaziacha humohumo ili nisilazimike kuongea.

"Mama Mapazia," akasema, "nilikukosea. Sijaja kukuomba radhi hapa, kwa sababu sikukukosea hapa. Nimekuja kukuomba ufike Alhamisi."

Nikatoa pini. "Na nisipofika?"

"Nitaomba hivyohivyo. Ila nitafurahi zaidi ukinisikia."

Nilifika. Nilifika na hasira yangu nimeivaa vizuri, nikasimama mbele kabisa. Akasimama chini ya ubao wake, akavua kofia. "Jumanne nilimwita mwenzetu gunia," akasema. "Nilikuwa na hofu ya mambo yangu, nikaimalizia kwake. Hakuna kosa lake linalolingana na neno lile. Mama, naomba unisamehe. Kuanzia leo hadi tarehe kama ya leo mwezi ujao, mimi niko mkiani. Mazoezini na kwenye mashindano."

Kila mtu alipiga hesabu kichwani, na kila mtu akapata jibu moja. Mashindano ya Kijiti yalikuwa ndani ya mwezi huo. Wa mwisho nikiwa mimi, ninayetumia saa moja na nusu, Kocha angekuwa katikati ya barabara nami wakati mpwa wake anamaliza.

Mwalimu wa hesabu alijaribu kwanza. Akasema mwezi unaweza kuhesabiwa kuanzia baada ya mashindano, hakuna mahali ubao unakataza. Mtu mwingine akasema adhabu ya kocha iwe nyingine, abebe maji. Hasira yangu yote iliyeyuka, nikabaki nikiona aibu, nikasema, "Kocha, mimi nimeshakusamehe. Mbele ya hawa wote. Yamekwisha."

"Ahsante," akasema, machozi yakimlengalenga. "Msamaha ni wako, umenipa. Adhabu si yako, huwezi kuiondoa."

"Lakini ni mtoto wako."

"Msumeno ukikata mbele tu, huo ni kisu," akasema. Akavaa kofia, akanikumbusha kwamba na mimi nilisimama kwenye njia ya ndani, hivyo wiki nzima ndoo ya maji ni yangu. Hata siku ile hakuniachia.

Kijiti alikuwa amesimama nyuma ya wenzake. Aliuangalia ubao, kwenye ule mstari wa mwisho, kisha akaenda kukimbia, na asubuhi hiyo mkono wake ulipanda juu kuliko siku zote, na mtu wa kumwambia auteremshe alikuwa nyuma yangu, mbali, amebeba bandeji.

Nilipanga nisishiriki. Nilimwambia wiki moja kabla: mimi nikibaki nyumbani, wa mwisho atakuwa yule fundi bomba, naye si mzito sana, huenda ukawahi. Akakataa. "Ukikaa nyumbani kwa ajili yangu," akasema, "nitakuwa nimekufukuza uwanjani mara mbili." Haya. Nikanyamaza. Lakini mimi kunyamaza si kukubali, na nikarudi dukani kuchora mpango wangu.

Njia ya mashindano ilikuwa hivi: tunaanzia mbele ya stendi, tunazunguka kiwanda cha mbao, na mwisho wa kilomita ya nne tunapita kando ya uzio wa uwanja, palepale kwenye geti dogo, ndipo tunaenda mjini na kurudi kwa njia ya stendi, kumalizia ndani ya uwanja. Nilikaa na mwalimu wa hesabu tukapiga mahesabu. Nikijikaza, ningefika getini dakika ya thelathini na mbili. Kijiti angeingia uwanjani kabla ya thelathini na sita. Na huduma ya kwanza iko wapi? Ndani ya geti. Kwa hiyo nikiumia palepale, kanuni yake mwenyewe ingemlazimisha anipeleke ndani, na ndani angemwona binti akimaliza. Nililala usingizi wa mtu mwerevu.

Siku ilifika. Nilikimbia kilomita nne zile kama ninayedaiwa. Moyo ulipiga mpaka nikausikia kwenye meno. Kocha nyuma yangu akasema mara mbili, "Polepole, Mama, tuna safari ndefu," nami nikajifanya sisikii. Tukaona uzio. Tukaona geti dogo, liko wazi, na ndani watu wamejaa jukwaani. Dakika thelathini na mbili na kitu. Nikatoa mlio, nikakaa chini pembeni mwa barabara, nikashika mguu.

Akapiga goti. "Naomba ruhusa nishike kifundo."

"Shika, Kocha. Naona umetenguka huu. Nipeleke ndani."

Akashika mguu wa kulia, akauzungusha taratibu kama anavyozungusha skrubu ya mizani ya dawa. Haukuwa na uvimbe. Akanisaidia kusimama. Nikapiga hatua mbili kuelekea getini nikichechemea kwa uchungu ambao ungewaliza hata maadui zangu.

"Mama Mapazia," akasema.

"Mm."

"Sasa unachechemea wa kushoto."

Nilisimama. Nikaangalia miguu yangu yote miwili, na hakuna hata mmoja ulionisaidia. Nikamwambia ukweli, maana uongo ulikuwa umeisha. "Kocha, ingia. Dakika tatu tu. Mimi nitakaa hapa hapa kwenye jiwe, nitakusubiri, hakuna atakayejua. Miaka sita, Kocha. Ingia umwone mtoto."

Akaliangalia lile geti. Kipaza sauti cha ndani kilikuwa kinasema wanawake wa mbele wanakaribia. Angeweza kwenda na kurudi kabla jasho langu halijakauka. Akaangalia saa yake, akaangalia geti tena, kisha akaweka kibegi sawa mgongoni.

"Zimebaki kilomita sita," akasema. "Twende."

Tukaenda. Nililia tena, na nikamwambia ni mkaidi, na kwamba mama yake alipata taabu. Akasema hilo mama yake pia alikuwa akilisema. Tulikuwa tumefika kwenye kona ya duka la baiskeli sauti ilipopanda nyuma yetu, ile ya uwanja mzima kusimama. Hakugeuka. Alitazama saa tu. Nikauliza, "Ni yeye?" Akasema, "Sijui." Baada ya hatua chache akasema, "Kama ni yeye, ni thelathini na tano na sekunde arobaini." Akashusha mkono wenye saa, tukaendelea kilomita mbili nyingine. Nimewahi kutembea na wakosaji wengi barabara ile, ila sijawahi kutembea na mtu ambaye ningetamani kumbeba.

Kwenye kilomita ya saba, barabara imebaki yetu wawili na wafagiaji, nikaona mtu anakuja mbele yetu, anakimbia kinyume cha njia. Mrefu, hana nyama popote. Medali inampiga kifuani.

Alifika, akanipita mimi bila salamu, akasimama mbele ya Kocha.

"Thelathini na tano arobaini na moja, Mjomba," akasema.

Kocha akajibu kwa sauti ndogo. "Hapa ni kwenye mashindano. Uwanjani hakuna mjomba."

"Najua. Adhabu yake nini?"

"Unaijua."

"Mkiani," akasema Kijiti. "Si ndipo niliposimama?" Akamzunguka, akaenda nyuma yake, akavuta kibegi kutoka mgongoni mwa Kocha akakivaa yeye. "Hukuniona nikikimbia. Basi nione sasa."

Kocha akajifuta uso kwa kofia. Akajifuta muda mrefu, na mimi nikajifanya naangalia wafagiaji. Kisha akamwambia apite mbele yake kidogo, upande wa kulia, ili amwone vizuri, na tukaanza tena, mwendo wangu mimi, mwendo wa mtu anayekwenda kuchota maji. Kijiti aliyekuwa ametoka kukimbia kilomita kumi kwa nguvu zote alikuwa hoi, na baada ya muda mkono wa kushoto ukaanza kupanda.

"Teremsha mkono," Kocha akasema.

"Ndiyo, Mjomba."

Nilisubiri amkatalie. Hakumkatalia. Tukapita stendi, tukapita duka la rangi na mlango wa karakana yake, na njia nzima nyuma yangu nilisikia hivyo hivyo, teremsha mkono, ndiyo Mjomba, teremsha mkono, ndiyo Mjomba. Tulipoingia uwanjani wenzetu wote walikuwepo, hakuna aliyeondoka, kama ubao unavyosema. Nilivuka mstari mbele yao, wa mwisho wa siku, na wao wakavuka baada yangu.

Jumatatu binti alipanda basi. Jumanne Kocha alikuwa uwanjani kabla ya filimbi, kibegi mgongoni, nyuma yangu. Adhabu yake ilikuwa na siku kumi bado.